Kufuata moshi wa moto wa nyika kwa picha za setilaiti

Picha moja ya setilaiti huonyesha moshi ulikuwa wapi wakati picha ilipopigwa. Haisemi unaelekea wapi, wala kama uko usawa wa pua za watu au kilomita tatu juu ya vichwa vyao. Majibu hayo hupatikana kwa kuunganisha mfululizo wa picha na upepo.

Anza na Worldview, tovuti ya NASA ya picha za setilaiti. Ni ya bure, hufunguka kwenye kivinjari na haidai akaunti. Chagua tarehe, kisha weka tabaka la rangi halisi la kamera ya VIIRS kutoka setilaiti ya NOAA-20. Karibu na ikweta usianze na MODIS, kamera nyingine ya setilaiti: ukanda inaoupiga picha una upana wa kilomita 2,330, hivyo huacha mapengo meusi kati ya pito moja na jingine. VIIRS haiyaachi.

Ongeza tabaka la nukta za moto, yaani mahali setilaiti ilipohisi joto kali. Kila nukta ya VIIRS ni kitovu cha pikseli ya mita 375, si ukubwa wa moto wenyewe. Moto mdogo wenye joto kali hutosha kuiwasha pikseli nzima. Miali ya gesi kwenye visima vya mafuta nayo hutoa nukta, ila hizo hukaa palepale siku nenda siku rudi. Wingu zito huficha nukta, kwa hiyo usihitimishe kwamba hakuna moto kwa sababu tu huoni nukta.

Moshi, wingu au vumbi?

Moshi ni wa kijivu chenye samawati au kahawia, kingo zake ni laini, na mito na milima huonekana kwa kufifia chini yake. Ukiufuata dhidi ya upepo huwa mwembamba hadi unafika kwenye nukta. Wingu ni jeupe na hutupa kivuli. Ukisita, fungua picha ya infraredi (mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho) ya wakati uleule. Chembe nyingi za moshi ni ndogo kuliko mikromita 1 (sehemu ya elfu ya milimita), na mawimbi ya infraredi ya mikromita 11 huzipita kana kwamba hazipo. Kilichoonekana kwenye rangi halisi kikatoweka kwenye infraredi, kina dalili zote za moshi. Kilichobaki kikiwa baridi ni wingu la juu. Mawingu ya chini huwa na joto linalokaribia la ardhi, kwa hiyo hapo jaribio hili hudanganya. Baharini jihadhari na mng'ao wa jua juu ya maji: huzaa doa la kijivu linalofanana sana na moshi.

Kupima mwendo

VIIRS ya NOAA-20 hupita karibu saa saba na nusu mchana kwa saa za mahali, na pito hilo moja halitoshi. Hamia kwenye setilaiti zinazokaa juu ya sehemu moja ya ikweta, kwenye kimo cha kilomita 36,000 hivi: GOES-19 na GOES-18 kwa Amerika, Himawari-9 kwa Asia ya mashariki na Australia, Meteosat kwa Afrika na Ulaya. Hizi hutoa picha kila dakika 10 au 15. Za GOES na Himawari zimo humohumo Worldview. Za Meteosat zitafute EUMETView, tovuti ya shirika la setilaiti za hali ya hewa la Ulaya.

Nyakati zote zimeandikwa kwa UTC, yaani saa za kimataifa, na UTC huhesabiwa kuanzia usiku wa manane, si alfajiri kama saa zetu. Geuza kwanza kuwa saa za mahali, kisha ndiyo uondoe sita. Kosa hapa huharibu hesabu yote.

Chagua alama ndani ya moshi: fundo zito au kona iliyopinda. Usitumie ukingo wa mbele, kwa kuwa ukingo hufifia moshi unapochanganyika na hewa safi, na utadhani umesimama. Weka alama mwanzoni, sogea saa tatu mbele, pima kwa rula ya Worldview. Kilomita 135 kwa saa tatu ni kilomita 45 kwa saa. Rudia kwa alama ya pili. Majibu yakitofautiana sana, huenda moshi uko kwenye tabaka mbili za upepo.

Asubuhi na jioni jua likiwa chini, moshi hung'aa na hata ule mwembamba huonekana. Usiku rangi halisi hupotea, nawe usiunganishe picha ya jioni na ya asubuhi kama kwamba moshi ni uleule: moto huo unaweza kuwa umetoa moshi mpya.

Kimo

Ramani za upepo hutaja kimo kwa hektopaskali, kipimo cha mgandamizo wa hewa, ambao hupungua kadiri unavyopanda. Fungua za hektopaskali 850 (takribani kilomita 1.5), 700 (kilomita 3) na 500 (kilomita 5.5). Upepo unaolingana na kasi na mwelekeo uliopima ndio uliobeba moshi. Ukitaka kwenda mbele zaidi, endesha HYSPLIT, modeli ya NOAA (shirika la Marekani la bahari na angahewa) inayokokotoa njia ya hewa, kutoka kwenye nukta za moto, kwa vimo vya mita 500, 1,500 na 3,000. Chukulia kosa la asilimia 15 hadi 30 ya umbali uliosafiriwa, na uamini njia inayopita pale moshi unapoonekana.

Moshi ukipanda juu ya mawingu meupe, rangi halisi hukuacha. Hapo tumia kielezo cha erosoli (chembe zinazoelea hewani) cha urujuanimno, kutoka vifaa vya setilaiti vya OMPS au TROPOMI: moshi hufyonza mionzi hiyo na huonekana hata juu ya wingu au theluji. Udhaifu wake ni moshi wa chini, ambao huudhihirisha kidogo tu. Ramani za kina cha erosoli, zinazoonyesha jinsi chembe zinavyozuia mwanga, nazo zina mtego. Kwenye moshi mzito kupita kiasi programu huuchukulia kuwa wingu na kuacha tundu tupu katikati. Tundu hilo mara nyingi ndipo hali ilipo mbaya kuliko kote.

Kabla ya kumwambia mtu yeyote afunge madirisha, tazama vipimo vya ardhini vya PM2.5 (chembe za hewani zisizozidi mikromita 2.5) kwenye njia ya moshi. Vikipanda moshi ulipofika, umeshuka. Visipobadilika, bado unapita juu. Angalia tena mchana, joto la ardhi linapochanganya hewa na kuweza kuuteremsha.