Vifaranga wa gapi hawakui? Weka chakula pembeni, shika ndoo

Mpwa wangu anayekaa Nkuhungu, hapa Dodoma, alinipigia simu mwezi uliopita. "Shikamoo mjomba. Hawa samaki wana miezi 2 na bado wako kama punje za mchele. Niwape chakula gani?" Nilipofika nikakuta tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, yaani lita 54, lina vifaranga wa gapi, wale samaki wadogo wa mapambo, karibu 80, na chini chakula kimelala kama pumba za mashineni. Alikuwa anawalisha mara 6 kwa siku. Maji hajawahi kuyabadilisha, anaongezea tu yanapopungua. Tulifanya hivi.

Hatua ya 1: Wapunguze

Kifaranga mmoja kwa lita moja, basi. Wengine gawa, uza, au wahamishie kwenye beseni pana. Usibishane na hili.

Hatua ya 2: Joto

Gapi anataka nyuzi 24 hadi 27. Watu wa Dar hawana shida, lakini sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai tunalala na blanketi. Samaki hana joto lake mwenyewe. Maji yakipoa, tumbo lake nalo linapoa, na anachokula hakisagiki. Nunua hita inayojizima yenyewe, wati 1 kwa kila lita, na kipimajoto cha pembeni, maana namba zilizoandikwa kwenye hita huwa zinadanganya. Umeme ukikatika usiku, funika tangi kwa blanketi lakini acha nafasi ya hewa juu.

Usikimbilie kuliweka dirishani ili lipate jua. Jua la hapa litakugeuzia maji kuwa supu ya kijani.

Hatua ya 3: Maji

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoua samaki wangu wa kwanza.

Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia. Bakteria wanaoishi kwenye sponji ya chujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza kuwa nitrati, ambayo ina nafuu. Tangi jipya halina bakteria hao. Wanachukua wiki 4 hadi 6 kujijenga, na kwenye maji ya baridi wanachelewa zaidi. Njia ya mkato ninayoiamini ni moja: omba sponji chafu kwa mtu mwenye tangi zima lisilo na ugonjwa, ikamulie ndani ya tangi lako. Maji yatachafuka, usiogope.

Maji yetu mengi hapa ni ya visima, ni magumu. Angalia birika lako la chai, ule ukoko mweupe ndani ndio ushahidi. Gapi na moli, samaki mwingine wa mapambo, wanayapenda maji hayo, kwa hiyo usihangaike kuyalainisha. Ila maji ya namna hii mara nyingi pH yake (kipimo cha uchachu wa maji) iko juu, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia ileile inavyozidi kuwa kali. Kiasi ambacho mwenzako wa kwenye maji laini hakimsumbui, wewe kinakuulia.

Nitrati nayo haitoki yenyewe. Itoe kwa ndoo. Kwa vifaranga mimi nabadilisha theluthi moja ya maji mara 2 kwa wiki, nikinyonya uchafu wa chini kwa mpira mwembamba. Kifaranga aliyelelewa kwenye maji machafu anadumaa, na ukichelewa sana hata ukimrekebishia maji hafikii tena ukubwa wa wenzake.

Tahadhari zake sasa. Maji ya bomba yana klorini, yaache kwenye ndoo iliyo wazi saa 24. Usichote moja kwa moja kutoka kwenye tenki la juu ya mnara: saa 8 mchana yanatoka ya moto, alfajiri ya baridi. Mimi niliyamimina saa 8 bila kupima, samaki wakalala ubavu mbele ya macho yangu. Pima kwanza, tofauti isizidi nyuzi 2.

Na sponji, jamani. Usiioshe kwa maji ya bomba, sabuni ndiyo usiitaje kabisa. Niliwahi kuiosha mpaka ikang'aa. Kesho yake asubuhi vifaranga wote walikuwa juu wanahema kama wanaomba kitu, na jioni nikawa nazika. Nilikuwa nimewamaliza bakteria wote. Ikamulie kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, inatosha, hata ikibaki ya kahawia.

Machujio yale ya kuning'inia pembeni, yenye mwanga wa bluu, yanavuta vifaranga ndani. Sponji na pampu ya hewa, mimi sihami hapo.

Hatua ya 4: Chakula

Mara 4 kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika 2. Saga dagaa wakavu, chekecha kwa chujio la chai, unga ule laini ndio wa kifaranga. Kiini cha yai la kuchemsha kinafaa lakini kinaoza haraka, kwa hiyo kiasi cha ncha ya kijiti cha meno tu. Ukiweza kupata mayai ya atemia, vijidudu vidogo vya maji ya chumvi, angua kwenye maji yenye chumvi gramu 25 hadi 30 kwa lita, nyuzi 26 hadi 28, hewa ikipuliza muda wote. Baada ya saa 24 hadi 36 una chakula ambacho hakuna unga unaokifikia.

Hatua ya 5: Tenga madume

Kuanzia wiki ya 4 angalia pezi la chini ya tumbo. Likianza kuwa jembamba na kuchongoka, huyo ni dume. La jike hubaki kama kipepeo cha kupepelea moto. Usipowatenga, majike watabeba mimba wakiwa wadogo, na nguvu ya kukua yote itaishia tumboni. Wakamate kwa kikombe cha plastiki, wavu unawachana mapezi.