Valvu na spika: usianze na wati

Kwa aliyezoea sabufa za dukani zenye wati elfu kadhaa kwenye boksi, amplifaya ya valvu (zile chupa za kioo zinazowaka, zilizotumika kabla ya transista) ya wati 8 inaonekana mzaha. Lakini sebule nyingi za Kirumba au Nyakato, hapa Mwanza, zinajazwa vizuri na wati hizo, ilimradi spika iwe nyepesi kusukuma. Kwa hiyo chagua spika kwanza.

Wepesi huo unaonekana kwenye desibeli zake, yaani ukubwa wa sauti inayotoa, zinazopimwa kwa wati 1 umbali wa mita 1. Nguvu ikiongezeka maradufu, sauti inapanda desibeli 3 tu. Valvu ya 300B yenye wati 8 hivi ikipewa spika ya desibeli 87 inafika 96, baada ya hapo inaanza kukwaruza. Ikipewa ya 95 inafika 104. Ile ya 87 ingehitaji kama wati 50 kufika hapo. Kwa 300B, au valvu ya 2A3 ya wati 3.5, usishuke chini ya desibeli 94. Valvu za EL84, mbili kila upande, zinaridhika na 90. EL34 mbili kila upande, wati 30 hadi 40, zinaimudu hata 87.

Kuna mtego hapa. Watengenezaji wengine hupima kwa volti 2.83 badala ya wati 1. Kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ni kitu kilekile, ila kwa spika ya omu 4 hizo ni wati 2, kwa hiyo toa desibeli 3 kwenye namba waliyoandika.

Omu nazo hazitulii: hupanda na kushuka kufuatana na mlio. Amplifaya nyingi za valvu haziishiki spika kwa nguvu kama za transista, hivyo pale omu zinapopanda sauti nayo inavimba, hasa kwenye besi. Tafuta spika ambayo omu zake hazichezi sana. Kama kipimo cha chini kabisa ni omu 3, tumia tundu la spika lililoandikwa 4 kwenye amplifaya, hata kama nyuma ya spika wameandika 8.

Hujui omu zake? Chomoa waya, pima kwa mita ya umeme (multimita). Spika ya omu 8 kwa kawaida husoma kama 6, ya omu 4 husoma 3 na kitu.

Kuunganisha: zima umeme, waya mweusi kwenye 0, mwekundu kwenye 4 au 8, kisha hakikisha zimekaza. Usiwashe kamwe bila spika. Muziki ukipita bila mzigo, volti ndani ya transfoma inayolisha spika hupaa na kutoboa insulesheni yake. Transfoma hiyo mara nyingi ni kati ya vifaa ghali zaidi. Fundi akitaka kujaribu, afunge rezista ya omu 8 inayohimili wati za amplifaya.

Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni ya volti 100, na umeme wetu ni 230: lazima transfoma ya kushushia. Umeme ukikatika, zima swichi usingoje urudi ukiyumba. Wadudu wa ziwani wakivamia usiku, funika valvu kwa wavu wa chuma, si kitambaa, kitaungua. Na usifungue kifuniko cha chini: kapasita hubaki na volti 300 au 400 hata baada ya kuchomoa.

Besi ikiendelea kuvimba, hamishia spika ya omu 8 kwenye tundu la 4. Wati zitapungua kidogo, ila besi itakaza.