Somo: Kofia Nyekundu kwa vikaragosi vya soksi

Juzi niliwachezea watoto wa chekechea hapa Bagamoyo hadithi ya Kofia Nyekundu, yule binti anayekwenda kumwona bibi yake, kumbe mbwa mwitu kamla bibi na kujilaza kitandani mwake. Wazazi wakaniomba niandike nilivyofanya. Haya, karibuni.

Kwanza chagua mwisho wa hadithi. Charles Perrault wa Ufaransa aliichapisha mwaka 1697, na kwake binti analiwa, basi. Ndugu Grimm wa Ujerumani, mwaka 1812, wakamleta mwindaji anayempasua mbwa mwitu tumbo, bibi na mjukuu wakatoka wazima. Kwa watoto wa miaka 4 nafuata ya Grimm, ila sipasui: mwindaji anampiga mgongoni, mbwa mwitu anakohoa, bibi anachomoza.

Pili, vikaragosi. Soksi ndefu ya kijivu ndiyo mbwa mwitu: vidole vinne juu, gumba chini. Tia alama za macho ukiwa umeivaa. Ukipimia mezani yatakaa shingoni. Vifungo vya macho vishone kwa uzi maradufu, gundi hubanduka na mtoto akakimeza. Manyoya ni nyuzi za makumbi ya nazi. Binti ni soksi ndogo na kipande cha kanga nyekundu. Bibi, mwiko uliofungwa kitambaa.

Jukwaa ni kanga iliyofungwa mlangoni, ukipiga magoti ikufiche kichwa. Watoto wakae mkekani.

Sasa kucheza, na hapa ndipo penye kazi. Shusha gumba kwa kila silabi: ma-cho-ya-ko, mara nne. Ukinyanyua vidole vya juu, mbwa mwitu anaongea na dari, na watoto wanataka awatazame wao. Anza na "Paukwa!" Wakiitikia "Pakawa!" kinyonge, rudia.

Pale kitandani usikimbilie. Baada ya "Bibi, mbona masikio yako makubwa?" Kofia Nyekundu awageukie watoto: "Nimuulize nini tena?" Watataja macho, watataja mikono; meno yaweke mwisho. Juzi mtoto mmoja alisimama akapiga kelele, "Kimbia, si bibi huyo!" Nikamgeuza Kofia Nyekundu taratibu, akamuuliza, "Umejuaje?" Mkeka mzima ukamjibu.

MASWALI

Mama Mapacha, Tanga: Shikamoo mwalimu. Kwa nini asiwe fisi, watoto wetu wanamjua?

— Marahaba mwanangu. Nilijaribu. Fisi wa ngano zetu ni mlafi asiye na akili, watoto walicheka kabla hajafungua mdomo. Mbwa mwitu wa hadithi hii ni mjanja mwenye maneno matamu. Nawaambia ni mnyama wa nchi za baridi, afananaye na mbwa mkubwa.

Kijana wa sanaa, Bagamoyo: Mwalimu, sauti nne peke yangu nitaziweza?

— Badilisha mwendo wa maneno, baba. Bibi apumue katikati ya sentensi, binti aseme harakaharaka, mbwa mwitu aongee chini kwa ulaini. Mwindaji mpe maneno machache tu.

Baba wa mmoja: Wangu ana miaka 3, alilia kwenye meno.

— Pole yake. Kabla ya mchezo mvalishe ile soksi, aufungue na kuufunga mdomo mwenyewe. Siku hiyo akae mapajani mwako, nyuma kabisa ya mkeka.