Somo: Kuandaa saluni kabla bwana afya hajabisha hodi

Somo hili ni la wenye saluni za kike, vinyozi na wanaotengeneza kucha hapa Kigoma, iwe Mwanga, Gungu au Ujiji kwenyewe. Ukaguzi ukinukia, wengi hukimbilia rangi ya ukuta na mapazia mapya. Bwana afya hana shida na mapazia. Atakuonyesha kitana alichochaniwa mteja aliyetoka sasa hivi na kukuuliza: hiki sasa kinakwenda wapi? Andaa jibu la swali hilo kwanza.

Hatua ya 1: Karatasi
Leseni ya biashara ikae ukutani, mtu akiingia aione, siyo nyumbani kwenye kabati la mume. Weka faili moja lenye TIN (namba ya mlipa kodi), mkataba wa pango, risiti za ada na cheti cha usajili wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Wapo wanaodhani OSHA ni ya viwanda tu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamgusa hata mwenye saluni aliyeajiri wasusi wawili. Ongeza ripoti ya ukaguzi uliopita. Kosa lililoandikwa mwaka jana likikutwa vilevile linamuudhi mkaguzi kuliko kosa jipya.

Hatua ya 2: Vifaa
Hapa ndipo watu wanapoangukia, kwa hiyo soma taratibu.

Tenga vyombo viwili vyenye vifuniko, kimoja "Vichafu", kingine "Safi". Kitana, brashi na mikasi vikitoka kwa mteja viingie kwenye vichafu, visirudi mfukoni mwa aproni. Toa nywele zote, osha kwa sabuni na maji, ndipo uloweke. Dawa haifanyi kazi vizuri juu ya mafuta na mba, hata uimwage nusu chupa.

Jik, ile dawa ya klorini, yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji. Soma lebo, maana zipo zenye nguvu tofauti. Loweka dakika 10, suuza, kausha. Vya chuma usivisahau humo, vitaliwa na kutu. Changanya upya kila asubuhi, na usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, hewa yake ni sumu.

Mashine ya kunyolea hailowekwi. Izime, ichomoe, fungua meno, piga brashi mpaka kusibaki unywele, pangusa kwa spiriti ya asilimia 70, acha ikauke yenyewe, kisha tia mafuta. Wembe ni wa mtu mmoja. Ukitumika uingie kwenye dumu gumu lenye mfuniko, si kwenye ndoo ya nywele anayoimwaga dada wa usafi kwa mikono mitupu.

Hatua ya 3: Rafu ya vipodozi
Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Pindua kila kopo: lina jina la mtengenezaji, viambato na tarehe ya mwisho? Ukiona haidrokwinoni au zebaki, toa, vimepigwa marufuku. Sisi tuko kando ya ziwa, na makopo yanavuka kwa boti bila hata lebo ya kueleweka. Mkorogo uliouchanganya kwa ajili ya uso wako mwenyewe nao usikae saluni. Ukikutwa pale utahesabiwa ni wa wateja.

Hatua ya 4: Maji, umeme, moto
Ndoo yenye koki na sabuni, bomba likikauka. Draya na pasi za nywele zisirundikwe kwenye soketi moja. Mtungi wa zimamoto uwe na tarehe hai, tena usifichwe nyuma ya viti. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na vitu ndani.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, nina lile kabati la kuulia vijidudu lenye taa ya bluu. Si linatosha?
Halitoshi, dada. Mwanga unafika upande unaoutazama tu, chini ya kitana haufiki, na uchafu hauupenyi. Osha, loweka, kausha, ndipo utunzie humo.

Mimi kinyozi wa Kibirizi. Mteja akikatwa akatoka damu nifanyeje?
Vaa glavu, mpe pamba safi abonyeze, weka mashine pembeni mpaka uisafishe. Virusi vya homa ya ini B huishi siku 7 au zaidi kwenye damu iliyokauka. Na lile jiwe la shabu unalompitishia kila mtu shingoni, litupe leo hii.

Mtoto kaletwa ana mapunye, mama anasema nyoa tu.
Mwambie mama kwa upole ampeleke kituo cha afya kwanza. Mapunye yanataka dawa ya kumeza, ya kupaka peke yake haifiki kwenye mzizi wa unywele. Ukimnyoa, mashine yako itayagawa darasa zima.

Shikamoo mwalimu. Akija mtu anasema ni mkaguzi, hana kitambulisho, anataka faini mkononi?
Marahaba. Muulize kitambulisho na ofisi aliyotoka, mwandikishe kwenye daftari la wageni, halafu piga simu halmashauri kuuliza. Malipo ya serikali yana namba ya kumbukumbu na risiti. Kama hana hivyo viwili, usitoe hata mia.