Mizunguko ya kazi mchana, dina ya loji usiku: jinsi ya kujipanga

Kuna zile siku una mizunguko ya kazi tangu asubuhi, benki, kupeleka makaratasi, kufuata mzigo, kusaini huku na kule, alafu jioni una kikao cha loji, yaani tawi la Freemason, na dina juu yake. Kosa la wengi ni kuipanga siku kuanzia asubuhi kwenda mbele. Anza na jioni urudi nyuma. Kama kikao kinafunguliwa saa 11 jioni, basi saa 10 uwe umeshamaliza kila kitu cha ofisi, maana mlango ukifungwa nje anabaki mlinzi, wanamuita Tyler, ana upanga kabisa mkononi, na ukichelewa hujipenyezi tu, itabidi taarifa yako ipelekwe ndani kwanza we usubiri hapo nje na jasho lako mpaka wakuruhusu.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe isome ile barua ya wito vizuri, usiangalie tarehe tu. Kuna vitu viwili vya kucheki: mavazi, na kama dina ni kabla au baada ya kikao. Loji zinazofuata utaratibu wa Uingereza kwa kawaida wanakula baada, Marekani loji nyingi wanakula kwanza ndo wanaingia kikaoni, kwa hiyo ukikariri utaratibu wa loji yako alafu siku hiyo umealikwa kwingine unaweza ukakuta sahani zinatolewa mezani. Na thibitisha mapema kwamba utakula. Mpishi anahesabu vichwa, ukitokea bila kusema mtu wa watu ndo anahangaika kukutafutia kiti.

Begi lifungwe usiku, sio asubuhi. Suti nyeusi au ya rangi ya giza, shati jeupe, tai, viatu vimeshapigwa kiwi, aproni ya loji kwenye mkoba wake, glavu nyeupe. Suti usiivae kwenye mizunguko, itundike kwenye mfuko wake uibebe, utabadilisha ofisini au hata chooni kwenye jengo la loji, hamna atakayekushangaa. Shati beba la pili.

Sasa glavu. Mi niliwahi kushinda siku nzima nagonga mihuri kwenye mafomu, dole gumba likajaa wino wa buluu, nikanawa maji tu nikaona mkono umetakata. Nikavaa glavu, jasho likaanza, katikati ya kikao naangalia kidole gumba kwenye ile glavu nyeupe kina kivuli cha buluu kinapanda taratibu, nikawa nimekunja ngumi muda wote kama mtu anayeficha peremende. Tangu hapo nabeba ndimu au spiriti kidogo na pea ya pili ya glavu, sina mjadala.

Kuhusu mizunguko yenyewe, yenye foleni iwe ya kwanza, yenye kutegemea saini ya mtu ifuate, na ile ambayo hata kesho inawezekana iache kesho. Mchana kula kidogo ila usikae na njaa, dina huwa inachelewa kuliko ilivyoandikwa. Moja ya vifaa anavyoonyeshwa mwanachama mpya ni rula ya inchi 24, maana yake masaa 24 ya siku, sehemu ya sala, sehemu ya kazi na kujiburudisha, sehemu ya kumsaidia mwenzio (hii wala sio siri, iko kwenye vitabu kibao). Utaona haijatenga inchi hata moja ya kukimbizana na mtu wa manunuzi saa 10 na nusu.

Ukifika mezani, tulia. Hii dina sio kitu cha pembeni, zile loji 4 za London zilizoungana tarehe 24 Juni 1717 zilikutania kwenye baa, na karamu ya mwaka ilikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo. Usianze kula kabla ya sala. Mkuu wa loji akigonga nyundo nyamaza hata kama ulikuwa katikati ya stori tamu. Akitaja kundi lako wanyanyue glasi naye, simama, piga funda moja, kaa. Kama hunywi pombe jaza maji au juisi, heri ni ile ile. Glasi nyingine zina kitako kinene makusudi kwa ajili ya kugongwa mezani kwa mpigo mmoja, kama ni mara yako ya kwanza mtazame jirani yako, usigonge peke yako ukimya ukishaingia. Siasa na dini acha nje, hata kama mchana umetoka kugombana na mtu ofisini kuhusu hizo hizo. Kaa na noti ndogo ndogo mfukoni pia, changizo la misaada huwa linapita.

Simu zima kabisa, zile meseji za bosi zitakungoja.

Na usiondoke mapema. Glasi ya mwisho ni ya Tyler, inanyanyuliwa kwa ajili ya ndugu wenye shida popote walipo, baada ya hapo ndo unaaga. Kabla hujatoka hesabu: aproni, glavu, lile begi la makaratasi ya kazi ulilolisukumia chini ya kiti. Ukifika nyumbani glavu ziloweke usiku huo huo.