Ukiajiri mgeni Nairobi, anza na jina lake

Ukiajiri mtu ametoka Kongo, Somalia ama Ethiopia, kwanza muulize jina lake linatamkwaje, usimpe lingine rahisi eti ndio wenzake wasisumbuke. Mwethiopia jina la pili ni la babake, si la ukoo, kwa hivyo mwite kwa lile la kwanza hata kwa barua rasmi.

Kitu inaumiza sana ni lugha, na nasema hivi juu nimeiona: mkutano unaanza na Kiswahili halafu watu wawili wanaingilia Kikuyu ama Kijaluo, wanacheka, na dada wa Bujumbura amekaa tu anaangalia meza. Mkubaliane mkutano ni lugha ya wote, na Kiswahili cha Kongo kisichekwe, ni Kiswahili pia.

Ijumaa saa saba usiweke mkutano, watu wanaswali. Krismasi ya Waorthodoksi wa Ethiopia ni Januari 7, mpe ofu.

Mkimbizi anahitaji pamiti ya Klasi M, ile ya kumruhusu kufanya kazi, msaidie kufuatilia mapema. Na Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kubagua mtu kwa dini, lugha, kabila ama uraia, kwa hivyo angalia mishahara na nani anapandishwa cheo.