Jinsi ya kwenda msibani kwa jirani wa dini nyingine

Kwenye maghorofa tunayoishi hapa Upanga, Dar es Salaam, ngazi moja tunaitumia Waislamu wa Suni, Khoja Ithnaashari (Mashia wenye asili ya India), Wahindu wa Kigujarati, Wakatoliki, Wasabato na sisi Walutheri. Daftari la rambirambi la ngazi yetu ninalishika mimi, kwa hiyo kukitokea msiba simu huja kwangu mapema. Wapangaji wapya huniuliza maswali yaleyale: nivae nini, nipeleke nini, niseme nini? Haya ndiyo ninayowajibu.

Kabla ya kanga na kabla ya bahasha, jua wenye msiba wanaamini marehemu anakwenda wapi. Ukilijua hilo, mengine mengi utayaelewa ukiyaona. Usiwahoji wafiwa kuhusu imani yao siku hiyo. Tazama wanavyomfanyia maiti, maana hapo ndipo imani yao inapoonekana wazi kuliko kwenye mahubiri yoyote.

Msiba ukiwa wa Waislamu, usingoje mchango ukamilike. Mtu aliyefariki alfajiri anaweza kuzikwa baada ya Adhuhuri siku hiyohiyo, kwani kumharakisha maiti ni kumheshimu. Nenda mikono mitupu, fedha zitafuata. Dada, jifunge kanga, funika kichwa, vua viatu mlangoni, ukae mkekani na wanawake wenzako; kwa kawaida ya hapa pwani hatufuatani na jeneza makaburini. Ndugu zangu wanaume wasio Waislamu wafuate msafara, na ikifika swala wasimame kando kwa utulivu. Swala hiyo haina rukuu wala sujudu, ni takbira nne kwa Wasuni na tano kwa Ithnaashari, watu wakiwa wamesimama, kwa hiyo mgeni anaweza kudhani haijaanza kumbe imekwisha. Asishtuke pia akiona maiti anashushwa kaburini kwa sanda tu na jeneza linarudi msikitini. Shada la maua acha dukani.

Wao wanaamini mwili huo utafufuliwa, na kwamba hata kabla ya Kiyama, Munkar na Nakir watamuuliza marehemu humo kaburini. Ndiyo maana katika misiba mingi ya pwani utasikia talkini, marehemu akikumbushwa majibu. Kuna Waislamu wasiosoma talkini wala hitma, wakiona kuwa ni uzushi. Hayo ni mazungumzo yao wenyewe. Jirani hana la kuchangia.

Kuna jambo makaburini linalonigusa kila mara. Makka, kwa mtu wa Dar es Salaam, iko karibu kaskazini kabisa. Maiti wa Kiislamu hulazwa ubavu wa kuume akielekea kibla, basi kichwa chake kinakuwa mashariki. Desturi ya zamani ya Kikristo ni kumlaza marehemu chali, kichwa magharibi na miguu mashariki, ili siku ya ufufuo ainuke akitazama kule anakotarajiwa Kristo. Makaburi yote mawili yanalala mashariki na magharibi, vichwa vikipishana, na wote wawili wanangoja kufufuka. Mimi hapo naona undugu mkubwa kuliko tunaoukiri tunapobishana barazani.

Kwa Wakristo muda ni mrefu. Maiti anaweza kukaa mochwari siku kadhaa akisubiri watoto walio mbali, kisha akasafirishwa hadi Moshi au Bukoba. Hapo daftari langu ndipo linapofanya kazi, maana turubai, viti, basi na chakula vyote vinataka fedha. Lakini usidhani Wakristo wote wanaamini jambo moja kuhusu roho. Mkatoliki anamwombea marehemu wake, kwa sababu anaamini kuna toharani na sala za walio hai humsaidia. Ukimwambia "tunamwombea apumzike kwa amani" umemfariji kweli. Sisi Walutheri tunamkabidhi marehemu mikononi mwa Mungu na ibada yetu inawalenga zaidi walio hai. Na Msabato usimwambie hata kwa nia njema kwamba mama yake sasa yuko mbinguni anatutazama. Yeye anaamini wafu wamelala, hawajui lolote, mpaka Kristo arudi. Nimeona mfiwa akikunja uso kwa maneno kama hayo, na aliyeyasema hakujua amekosea wapi. Mwambie "pole sana", kisha uketi naye. Maneno hayo mawili yanatosha katika dini zote ninazozijua.

Kwa Wahindu ndiko wapangaji wapya wanakoogopa zaidi, kwa sababu ya moto. Niwatoe hofu. Kwao mwili ni kama nguo: mstari wa 22 wa sura ya pili ya Bhagavad Gita unasema kuwa mtu anavyovua nguo kuukuu na kuvaa mpya, ndivyo roho inavyoacha mwili uliochakaa na kuingia mwingine. Hakuna sababu ya kuutunza mwili ardhini ukingoja, na moto huiachilia roho iendelee na safari. Ila mtoto mchanga, kwa kawaida, hachomwi bali huzikwa.

Vaa nyeupe, au angalau rangi iliyopoa. Nyeusi, tuliyoizoea Wakristo, si rangi yao ya msiba. Mwili hulazwa nyumbani ukiwa na maua, na familia humtia marehemu mdomoni matone ya maji ya mto Ganges na jani la mtulasi, mmea wao mtakatifu. Ukiambiwa uweke ua, liweke kwa mkono wa kulia, kisha sogea. Kwa desturi, mtoto wa kiume mkubwa ndiye anayewasha moto, na majivu hupelekwa kwenye maji. Kwa wa hapa kwetu mara nyingi ni baharini. Wakirudi, huoga kabla ya jambo lingine lolote, kwa hiyo usiwafuate mlangoni na mazungumzo.

Chakula ndicho tunachokosea zaidi. Pilau ya kuku tunayoipeleka kwa moyo safi kila nyumba, kwao haifai kabisa. Wengi hawali nyama, na kama wenye msiba ni Wajaini, dini nyingine iliyotoka India, hata kitunguu na kiazi hawali. Nunua matunda, basi.

Wakristo pia wanaweza kuchomwa. Kanisa Katoliki liliruhusu tangu 1963, na 2016 likasisitiza majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasimwagwe. Mwaka 2011 Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, alichomwa Kariokor, Nairobi, mwili wake ukiwa katika jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji, kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Wengi walishangaa. Mimi naona alizikwa sawasawa na alivyoishi.

Na chini ya dini kuna mila, usiisahau. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi Desemba 1986; mjane wake alitaka kumzika karibu na Nairobi, ukoo wake wa Kiluo ukataka azikwe kwao. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Rufani, ukoo ukashinda, akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Ukikuta wanandugu wanabishana wapi pa kuzika, usiseme "lakini si mmeokoka?" Ardhi ya wazee nayo ni imani.

Mwisho, weka tarehe za kurudi. Wahindu wengi huomboleza hadi siku ya kumi na tatu. Waislamu na Wakristo wengi hukumbuka arobaini. Mjane wa Kiislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, ila akiwa mjamzito, kwa Wasuni eda yake huisha anapojifungua, na kwa Ithnaashari hufuatwa muda ulio mrefu zaidi kati ya hiyo miwili. Muda huo hatoki bila dharura, na watu wakishatawanyika baada ya siku tatu ndipo anapobaki peke yake. Wanawake wa ngazi tunapangiana zamu: mmoja amwendee sokoni, mwingine apeleke watoto shule, mwingine ashinde naye mchana. Ukihamia kwetu, nitakuandika kwenye zamu hiyo.